Wikendi na watoto Cork: anzia mjini, malizia baharini

Mtu akihamia huku Cork, Ireland, swali la kwanza ni lile lile, jamani wikendi watoto tunawapeleka wapi, na jibu analopewa na waliotangulia ni "mjini hakuna kitu siku hizi, nenda Mahon Point", yaani ile mall ya nje ya mji. Hapo mimi huwa nabisha. Wanachokiona nakijua, unapita Patrick Street, mtaa mkuu wa maduka, fremu tupu, vioo vimebandikwa karatasi, tangazo la kupangisha limeshapauka na jua (na jua la huku unalijua, sasa piga hesabu limening'inia hapo muda gani).

Duka lililowauma wenyeji kuliko yote ni Debenhams, wazee bado wanaliita Roches Stores maana ndivyo lilivyokuwa mpaka 2006. Aprili 2020 katikati ya korona kampuni ikatangaza matawi yote 11 ya Ireland hayafunguliwi tena, wafanyakazi, wengi akina mama waliozeekea pale, wakakaa milangoni zaidi ya siku 400 kuzuia stoki isitoke, mvua yao baridi yao. Mwaka 2023 Argos nao wakafunga maduka yao yote nchini. Sababu hazina uchawi, watu wananunua onlaini, Mahon Point ipo tangu 2005 na paking yake ni bure na ndani hulowi, halafu baada ya korona watu wa ofisi wakabaki kufanyia kazi nyumbani, na yule ndiye aliyekuwa anatoka saa saba mchana kula na kurudi na soksi na zawadi ya mtoto. Mtaa wenyewe umeshapitia makubwa, Desemba 1920 askari wa Uingereza waliuchoma moto ukajengwa upya, kwa hiyo mimi sijauandikia tanzia.

Ushauri wangu ni huu. Acha kuuendea mji kwa nguo, uendee kwa chakula na kwa sababu treni ya pwani inaanzia hapo. Ukishaupanga hivyo Jumamosi yako inanyooka yenyewe.

Asubuhi ingia English Market, soko la tangu 1788, limeezekwa vizuri hata inyeshe hamna shida. Usikimbie, watoto waache wasimame mbele ya samaki, maana mtoto aliyekulia huku anaweza kufika darasa la tano anajua samaki ni kile kijiti cha kwenye friza, hapa anamkuta mzima na macho yake na mdomo wazi juu ya barafu, na muuzaji ukimuuliza anakueleza na namna ya kumpika, wala hakuharakishi. Utumbo pia upo, umesafishwa mweupe pe, wenyeji wa zamani wanauchemsha na maziwa na vitunguu, na pembeni yake kuna drisheen, ni damu imepikwa ndani ya utumbo, rafiki yangu Mkenya alipoiona akasema hii ni mutura iliyonyimwa pilipili. Asiyekula damu apite tu, utumbo peke yake unatosha kuondoa hamu ya nyumbani, nazi unaijua mwenyewe pa kuipata.

Hapo sokoni ndipo nunua msosi wa siku nzima, mkate, jibini, zeituni, matunda, chai weka kwenye chupa yako toka nyumbani. Ukisubiri kula ufukweni utapanga foleni ya chipsi nusu saa na watoto wanalia na ndege wa baharini wanakuvizia, na hawatanii wale ndege. Na hela yako inabaki kwa wenye vibanda, watu wanaolalamika mji unakufa huku wananunua kila kitu kwa simu huwa siwaelewi kwakweli.

Ukimaliza tembea mpaka Kent Station, stesheni ya treni, unavuka daraja la mto Lee, kama robo saa ukiwa na kigari cha mtoto. Wakatie watoto Leap Card ya watoto, ile kadi ya nauli, na wadogo hawalipi. Panda treni ya kwenda Cobh, mji wa bandari, kaa upande wa kulia, maji mengi yapo upande huo, safari kama dakika 25. Njiani kuna kituo cha Fota, mbuga ya wanyama iko hapo hapo ukishuka, twiga wanajitembeza, mtoto wa Mtanzania anamwona twiga kwa mara ya kwanza County Cork wakati babu yake yuko Arusha, dah! Ila kiingilio kwa familia kinauma, iwe siku yake maalum, usiichanganye na mambo mengine.

Cobh yenyewe kuiangalia ni bure. Ndiyo bandari ya mwisho Titanic iliposimama, Aprili 11 mwaka 1912, abiria 123 wakapanda pale. Kuna bustani mbele ya maji, kiangazi meli kubwa za watalii zinakuja mpaka karibu kabisa na nyumba, watoto wanapagawa. Kilima cha kwenda kanisa kuu ni kikali, na kigari nenda taratibu au mwachie mwenye nguvu.

Mchanga lakini Cobh usiutegemee. Wa mchanga wapeleke Youghal, mji wa pwani wenye fukwe, zamani treni ilifika mpaka kule, watu wa Cork walijaa mabehewa Jumapili kwenda kuogelea, huduma ya kawaida ikakatwa 1963 na siku hizi reli imegeuzwa njia ya baiskeli ya kilomita 23 kutoka Midleton. Kwa basi unafika. Mliokulia Tanga au Mombasa nawaambia mapema, maji ya Agosti ni kama nyuzi 15, kwa hiyo mtoto mnunulie suti ya kuogelea ile nene, supamaketi za Kijerumani huwa wanaleta za bei rahisi mwanzo wa kiangazi. Ogeleeni katikati ya bendera za nyekundu na njano, hapo ndipo waokoaji wanapoangalia. Na ratiba ya maji kupwa na kujaa itazame kabla hujatoka, maji yakijaa ufukwe wa Front Strand unabaki mwembamba, mtabanana na mbwa za watu.

Jumapili English Market limefungwa, ukitoka siku hiyo chakula kinunue jana yake, na treni nazo zinapungua, angalia ya mwisho ni saa ngapi kabla ya kuwavua watoto viatu.