Nimenunua nyumba ya kubomoa, chumba kimoja kina vitu vya watu: jee, nimeshaipokea?

SUALI: Assalaam alaykum sheikh. Nimenunua nyumba kongwe ya udongo Ng'ambo, mjini Unguja, kwa ndugu wawili wanaosema ni ya marehemu baba yao. Pesa nimemaliza na ufunguo nimepewa, lakini chumba cha uani kina vitu vya shangazi yao: kitanda, cherehani na sanduku. Mvua za masika zimeangusha ukuta wa chumba hicho hicho. Sasa mmoja wao anataka kuja kung'oa mlango mkubwa wa nakshi, anasema "wewe si unabomoa tu?" Hasara ya ukuta ni ya nani, na mlango ni wa nani?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakaatuh.

Nianze na mlango, ndio mwepesi. Hiyo kauli ya "si unabomoa tu" haina uzito. Kilichouzwa ni nyumba kama ilivyosimama siku mliyouziana. Utakachoifanya baadaye ni shauri lako. Wanavyuoni wetu wa Kishafi walishapambanua zamani: kwenye kuuza nyumba huingia kila kilichojengewa humo, na milango iliyopachikwa pamoja na vikuku vyake, na ngazi na rafu zilizopigiliwa misumari. Vinavyobaki kwa muuzaji ni vya kuhamishika, kama kitanda, ndoo ya kisimani na kapi lake. (Ardhi yenyewe hapa Zanzibar ni mali ya umma, unachohamishiwa ni haki ya kuitumia, lakini hilo haligusi hukumu ya jengo.) Mlango wenye miimo iliyozama ukutani si kitanda. Ni wako, na mfaa wake na njumu zake. Ila kama siku ya kuuziana walisema mlango haumo katika mauzo na wewe ukaridhia, hapo ni wao. Akiutaka leo auombe. Ukimpa ni hiba, ukimuuzia ni mauzo mengine.

Ukuta sasa: hasara yake inategemea kama umeshaipokea nyumba. Wengi wetu tunadhani ufunguo ukishaingia mfukoni mambo yamekwisha. Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu chake cha fiqhi, anasema kupokea kitu kisichohamishika ni kuachiwa na kuwezeshwa kukitumia, kwa sharti kiwe kitupu, hakina vyombo vya muuzaji. Waliomsherehesha, yaani waliofafanua maneno yake, wakaongeza: wala vya mtu mwengine asiyekuwa mnunuzi. Na wakalitaja jambo lako khasa, la vitu kuwekwa pamoja katika chumba kimoja: nyumba nzima imeshapokewa isipokuwa chumba hicho. Kwa hivyo ukuta wa mbele ungeanguka, ungekuwa umekuangukia wewe. Huu wa uani umeanguka ungali katika dhamana ya wauzaji, na una khiyari ya kuirudisha nyumba ukachukua pesa zako. Kwa mtu mwenye nia ya kubomoa sidhani kama utaitaka khiyari hiyo, lakini ijue kuwa unayo.

Angalia hapa: ungekitia nyundo chumba hicho wewe mwenyewe, hukumu ingegeuka. Mnunuzi akikiharibu alichokinunua, huko kuharibu ndiko kupokea. Na cherehani ya mwenyewe ikivunjika, unailipa.

Lakini linalonikosesha raha katika suali lako ni hilo sanduku. Bibi huyu, shangazi yao, alikaa humo kwa njia gani? Umeambiwa nyumba ni ya baba yao. Ikiwa kweli aliijenga au aliinunua yeye, shangazi hana fungu, maana wana wa kiume wa maiti humzuia dada yake. Bali huku kwetu nyumba huitwa ya fulani kwa sababu fulani ndiye aliyebaki akikaa ndani. Mara nyingi ukifuatilia unakuta ilikuwa ya babu na haikugawiwa kabisa, na dada mtu akapewa chumba cha uani ili asiulize. Ikiwa ndivyo, ana fungu lake tangu siku baba yake alipokufa, kwani aya ya 7 ya Suratun Nisaa imewapa wanawake sehemu katika wanachoacha wazazi, kiwe kidogo au kingi. Kaka yake hakuwa na uwezo wa kulifuta kwa kukaa humo, wala watoto wake hawawezi kuliuza. Uuzaji utasihi katika mafungu ya waliouza na utabatilika katika lake, nawe una khiyari ya kuendelea au kuvunja.

Basi waombe hao ndugu hati ya mirathi ya Mahakama ya Kadhi, na mwende mkamuulize bibi mwenyewe, bila ya wao kumjibia. Akiwa ana fungu na akaridhia kuuza, alipwe yeye mkononi. Akiwa hana, wauzaji ndio wenye jukumu la kuvihamisha vitu vyake. Wawekee siku mbele ya mashahidi, na usiviweke mvuani. Kibali cha kubomoa kitafute wakati huo huo. Nyundo ibaki chini mpaka umsikie bibi.

Wallaahu a'lam.