Stata mbovu si skrepa: jibu la fundi mwenye miaka 19 kazini kwa mleta uzi

Wakuu, salaam. Mleta uzi ameuliza jambo ninalokutana nalo karakanani karibu kila siku. Stata ya Fuso yake, yaani mota inayowasha injini ya lori lake, imekufa, fundi mmoja kamwambia anunue mpya ya boksi, mwingine kamwambia iundwe upya, naye anataka kujua ipi ina faida. Chini yake mdau mmoja akaandika kwamba kuunda upya vitu vilivyotumika ni biashara ya umaskini, na habari za mazingira ni maneno ya semina. Nimeona nisipite kimya. Nipo Mbeya, kando ya barabara kuu ya kwenda Tunduma, huu ni mwaka wa 19 nafungua stata na alteneta (zile zinazochaji betri) za malori, na kazi hii ndiyo inayosomesha wanangu.

Kwanza tusichanganye mambo. Kutengeneza ni kubadilisha kile kilichokufa na kuacha vingine vilivyo. Kuunda upya ni kukifungua kitu chote mpaka kipande cha mwisho, kukiosha, kupima kila kimoja, kutoa kilichochoka hata kama bado kinafanya kazi, kukirudisha kwenye vipimo vyake vya kiwandani, halafu kukijaribu na kukitolea dhamana. Kurejeleza ni kitu kingine kabisa: hapo unayeyusha upate malighafi. Wengi wakisikia "tumeokoa mazingira" wanafikiria kurejeleza, kumbe kuyeyusha ndiyo hatua ya mwisho, baada ya kushindwa njia nyingine zote.

Nieleze kwa stata yenyewe. Lori likiniletea stata, naitoa solenoidi (swichi yake kubwa ya umeme), nafungua boliti mbili ndefu za nyuma, navuta amecha. Amecha, ule mhimili wenye koili za shaba unaozunguka ndani, ndiyo roho. Naiweka juu ya kipimo cha sumaku, nawasha umeme, nashika kipande cha msumeno wa chuma juu yake huku naizungusha polepole. Kama koili zimegusana kwa ndani, kile kipande cha msumeno kinatetemeka na kunguruma pale pale penye kasoro, unakisikia mpaka kwenye vidole. Kikikaa kimya mzunguko mzima, koili za amecha hazijagusana, hata kama kwa macho ni nyeusi kama masizi. Vijana wangu nimewafundisha wasiamini macho kabla msumeno haujasema.

Ikipona hapo inakwenda kwa mchongaji, anaipitisha komuteta (ile pete ya vipande vya shaba mwishoni mwa amecha) kwenye lezi mpaka ing'ae na iwe duara kamili. Ikirudi, tunakata maika, kizuizi cha umeme kilicho katikati ya vipande vya shaba, kwa msumeno uliosagwa ukawa mwembamba, ili maika ikae chini kidogo ya shaba na kaboni, zile zinazogusa komuteta kuipelekea umeme, zisirukeruke. Kazi hii inataka utulivu, haina haraka. Bushi mpya, zile pete ambazo amecha inazungukia ndani yake, zinalala usiku mzima ndani ya oili kabla ya kupigwa. Ndani ya solenoidi, zile boliti za shaba zilizoliwa upande mmoja mara nyingi zinageuzwa upande wa pili ambao haujaguswa tangu kiwandani. Kaboni, bushi na bendeksi (gia ndogo inayozungusha injini), hivyo ni vipya kila mara, sijadiliani na mteja.

Siku moja nilitaka kujua ukweli wa jambo hili kwa uzito. Nilibeba stata ya Fuso nikaipeleka kwa jirani anayenunua mahindi, tukaiweka kwenye mzani: kilo 13. Nikapima vitu vipya nilivyokuwa naenda kuvifunga vyote pamoja: kilo moja na robo. Yaani karibu kilo 12 za chuma na shaba zilikuwa zinarudi kazini bila kuyeyushwa hata chembe. Kuyeyusha shaba ni nyuzi 1,085, chuma cha kumimina ni zaidi ya 1,100, na hiyo ni kuyeyusha tu, bado hujamimina, hujachonga, hujasuka koili, hujasafirisha. Kazi yote ile ilishafanyika kiwandani zamani na bado imo ndani ya kile chuma. Ukikiuza kwa kilo unalipwa chuma peke yake, ile kazi inapotea bure.

Hapa nawaomba mnisikilize vizuri, maana ndipo penye moyo wa jambo. Mbele ya karakana yangu, usiku na mchana, yanapita malori yamebeba shaba kutoka Zambia na Katanga ya Kongo kwenda bandari ya Dar es Salaam. Shaba ile imetolewa kwenye mwamba ambao sehemu yake kubwa kabisa si shaba, ni mawe na udongo unaobaki kama milima huko migodini. Imechimbwa, imesagwa, imechomwa, imesafishwa kwa tindikali na umeme mwingi, ndipo inapakiwa. Inapita hapa, inavuka bahari, inageuzwa nyaya, inafungwa kwenye stata, inarudi ndani ya boksi kwa njia ile ile. Halafu sisi tunaichomoa amecha nzima, yenye kaboni tu zilizokwisha, tunamwuzia kijana wa skrepa. Huyo kijana simlaumu, anatafuta riziki. Lakini nimewaona wakichoma nyaya jioni ili plastiki itoke ibaki shaba, moshi mweusi unaingia kwenye nyumba za watu, watoto wanaupumua. Ikitoka hapo inayeyushwa, inaanza safari upya. Kila stata ninayoiunda, safari hiyo moja imefutwa.

Kuna faida nyingine haisemwi. Dereva mwenye stata mbovu hazimi injini. Nendeni Tunduma kwenye foleni ya mpaka mtazame. Anaogopa kuzima kwa sababu hajui kama itawaka tena, na kusukuma lori lenye mzigo hakuna. Injini ya lori kubwa ikiunguruma bila kwenda popote inakula lita mbili hadi tatu za dizeli kwa saa. Akilala hapo usiku mmoja, muda wa saa kumi, hesabu mwenyewe ni mafuta kiasi gani yamegeuka moshi kwa sababu ya kaboni nne zilizokwisha.

Sasa pesa. Nasema bei zangu za hapa kwangu. Stata ya Fuso ikiundwa kamili natoza 180,000. Mteja wangu wa mwisho dukani alikuwa ametajiwa 750,000 kwa mpya halisi. Kwenye ile 180,000, kama 70,000 inakwenda kununua spea, na hizo zinatoka nje ya nchi, sikatai. Mchongaji anachukua 20,000, vijana wawili wanagawana 40,000, umeme na rangi na sabuni ya kuoshea 10,000, inayobaki ni yangu na kodi ya banda. Zaidi ya nusu ya pesa inalala hapa hapa mtaani, inanunua unga na kulipa michango ya shule. Ukinunua ya boksi, muuza duka anapata faida yake halali, lakini sehemu kubwa inaondoka kama dola. Mwaka 2023 dola ilipoadimika, kuna bidhaa madukani zilikuwa zinasubiriwa kwa wiki kadhaa, na kipindi hicho vijana wangu walikuwa wanafanya kazi mpaka saa mbili usiku.

Lakini sitaki kuwaficha upande mchungu. Mwaka 2009 nilikuwa na njaa ya pesa. Nilibadilisha kaboni tu kwenye stata moja, nikaipiga rangi nyeusi ikapendeza, nikasema imeundwa upya. Bushi zilikuwa zimeliwa, nilizijua na nikazifumbia macho. Lori lilibeba mchele kwenda Dar. Dereva akasimama Ruaha Mbuyuni kula, akazima, haikuwaka tena: amecha ilikuwa inasuguana na vyuma vya fildi vinavyoizunguka. Alilala pale siku mbili na mzigo wa mtu. Aliporudi hakunitukana, aliiweka stata juu ya meza yangu akasema tu, "Fundi, niliwaambia wenzangu wewe ni mkweli." Nilimrudishia pesa yote na gharama zake za njiani, na bado hakurudi tena. Tangu hapo hakuna stata inayotoka bila kufungwa kwenye meza na kupigwa ikiwa na mzigo, betri zisishuke chini ya volti 19, na namba yake iandikwe kwenye daftari pamoja na vilivyobadilishwa. Dhamana ni miezi sita. Watu wengi wanaochukia vitu vilivyoundwa upya waliuziwa rangi, kama nilivyofanya mimi siku ile.

Mdau aliyesema ni biashara ya umaskini, namheshimu ila hapo amekosea. Renault, watengeneza magari wa Ufaransa, walifungua kiwanda cha kazi hii Choisy-le-Roi, karibu na Paris, mwaka 1949, wakiunda upya injini na giaboksi. Caterpillar walianza mwaka 1973, mwaka ule ule sisi tulipoanzisha SIDO, shirika letu la viwanda vidogo, na leo wana viwanda vizima vya kuunda upya injini na pampu za mitambo yao. Na ndege unayopanda, tairi zake nyingi huvishwa kashata (mpira wa juu unaokanyaga) mpya zaidi ya mara moja. Wenzetu wanachotuzidi ni utaratibu: ukinunua kitu unaacha pesa ya amana, ukirudisha kile kibovu unarudishiwa. Hivyo kibovu hakipotei kwenye skrepa. Mimi nimeanza kwa namna yangu: leta stata mbovu isiyopasuka nyumba (ganda lake la nje), ondoka na iliyokwisha kuundwa, lipa tofauti. Dereva hasubiri, na mimi sikosi mali ya kufanyia kazi. Wenye betri wamefanya hivi miaka mingi, sioni kwa nini sisi tushindwe.

Si kila kitu kinastahili. Friji la zamani linalokula umeme mchana kutwa, kulifufua ni hasara ya kila mwezi. Stata za bei ya chee zilizogongwa rivati badala ya boliti, ukizifungua umeziua. Nyumba iliyopasuka mimi siichomelei. Na karakana inayomwaga oili na petroli ya kuoshea kwenye mfereji isijisifie mazingira, maana imeokoa chuma ikaharibu maji ya watu wa chini. Kwangu oili chafu inakaa kwenye pipa mpaka mnunuzi wake aje.

Kwa hiyo mleta uzi, kabla hujatoa hata shilingi, mwambie fundi aifungue mbele yako. Tazama nyumba kama ina ufa, tazama komuteta kama shaba bado ni nene, mwombe apime amecha kwenye sumaku ukiwa umesimama pale. Asiye na kipimo hicho, ondoka. Ikiwa amecha ni nzima, iunde, na spea ulizolipia uonyeshwe za zamani zikiwa zimetolewa. Ikiwa imeungua, piga picha ya komuteta na namba iliyogongwa kwenye nyumba, uziweke hapa hapa kwenye uzi, nitakwambia kama kuna amecha yake inayopatikana au uende ukanunue mpya.