Dada, usitume hizo pesa kabla hujajua heroe wako ziwa gani

Dada, nimesoma swali lako na damu imenichemka. Hiyo picha uliyotumiwa na wakala, ufuo wa Ziwa Nakuru umejaa heroe (flamingo) wa rangi ya waridi mpaka maji hayaonekani, nami nilitumiwa kama hiyo hiyo. Unasema anataka malipo yote ya safari ya Desemba yaingie kufikia Ijumaa, hayarudishwi, mlale Nakuru siku zote, kwamba heroe ni "uhakika", na tangazo lake linaahidi pia "wanyama wakubwa watano". Halafu unatuuliza ununue darubini gani, ukodi gari gani, ulale ndani ya hifadhi au mjini, na kama Desemba ni mwezi mzuri. Hayo yote yanaweza kusubiri. Cha kwanza ni kwamba pesa isitoke.

Hakuna binadamu anayeweza kukuahidi heroe wa Nakuru miezi kabla ya safari. Hayupo. Mkuu wa hifadhi mwenyewe hawezi. Anayekuahidi anakuuzia ziwa la zamani.

Mambo yako hivi. Ziwa Nakuru halina mto unaotoka. Mito ya Njoro, Makalia na Nderit inaingiza maji, na yakishaingia hayana pa kwenda isipokuwa kupanda hewani kwa jua. Ndiyo maana ziwa lina magadi. Kwenye magadi hayo makali huota mwani mdogo mno uitwao spirulina, na huo ndio chakula cha heroe mdogo, flamingo yule ambaye wakikusanyika ndio hulifanya ziwa zima kuwa waridi. Rangi yenyewe anaitoa kwenye chakula hicho. Sasa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 maziwa ya Bonde la Ufa yamefura. Nakuru lilipanda likameza barabara za ufuoni, likameza lango kuu la zamani, likaingia msituni. Maji mengi yakazimua magadi, mwani ukapungua, na heroe wakaenda wanakopata chakula: Bogoria, Elementaita na kwingineko. Wanahama usiku. Jioni unawaacha hapa, asubuhi ufuo ni mtupu. Kuna misimu wanarudi Nakuru kwa maelfu, kisha mvua ikikaza wanaondoka tena. Hata kutaga hawatagi pale, mazalio yao makubwa ya Afrika Mashariki ni Ziwa Natron upande wa Tanzania. Huyo ndiye ndege ambaye mtu amekuandikia neno "uhakika" juu yake.

Mimi niliuziwa uhakika huo huo. Mzee wangu alifanya kazi ya reli Nakuru ujanani, na kila akisimulia Nakuru anasimulia ziwa: jinsi lilivyoonekana kutoka mlimani, jinsi walivyokwenda Jumapili kulitazama. Nikataka alione tena kabla miguu haijamkatalia. Wakala akanitumia picha, akaniambia msimu ndio huu, nikilipa mapema napata punguzo. Nikalipa vyote: chumba, gari, dereva, hadi vyakula vya kubeba.

Tulipofika ufuoni dereva akasimamisha gari bila kusema neno. Mbele yetu ilikuwa migunga iliyokufa, imesimama ndani ya maji, mikavu na ya kijivu, na karibu kila tawi lina mnandi aliyetandaza mabawa ayakaushe. Mwari wakapita wamejipanga mstari. Mbali kabisa, upande wa pili, palikuwa na vidoa vya waridi ambavyo ungeweza kuvihesabu. Mzee akachukua darubini, akatazama, akaishusha, akafuta kioo kwa pindo la shati, akatazama tena. Kisha akaniuliza, "Ni hapa kweli?"

Dereva ndiye aliyetuambia ukweli, tena kwa sauti ya chini kama mtu anayeogopa kufukuzwa kazi. Heroe walikuwa Bogoria, na walikuwa huko muda mrefu. Madereva wote walijua. Ofisi ilijua pia, kwa sababu ni wao hao waliokuwa wakipeleka watalii wengine Bogoria wiki hiyo hiyo, wale waliouliza.

Nikasema basi twende Bogoria, si mbali, haifiki kilomita mia moja kutoka mjini Nakuru, unapita Mogotio pale kwenye mstari wa ikweta unaendelea. Hapo ndipo nilipoona jinsi mtego ulivyosukwa. Gari lilikodiwa kwa ajili ya Nakuru tu, kilomita za ziada zinalipiwa. Tiketi ya Nakuru haiingizi mtu Bogoria, kwa sababu Nakuru iko chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, na Bogoria iko chini ya Kaunti ya Baringo. Hoteli ikasema usiku uliolipiwa umelipiwa, ulale usilale. Yaani kumwona ndege yule yule niliyekwisha kumlipia ilibidi nimlipie upya. Nikampigia wakala. Akanijibu kwamba ndege ni viumbe wa mwituni, wao hawawezi kuwapangia pa kukaa. Nikamuuliza, siku unaniuzia uliwapangaje? Akakata simu.

Bado inaniuma nikiandika hivi. Pesa zinatafutwa, lakini mzee wa umri ule hana safari nyingi zilizobaki, na yule wakala alilijua hilo kwa sababu nilimwambia mwenyewe kwa nini naenda.

Kwa hiyo dada, kama utasahau yote mengine, shika hili: piga simu ziwani kabla ya kulipa, piga tena wiki ya safari, na usiwahi kulipia mpango ambao hauwezi kubadilisha ziwa.

Kupiga simu kwenyewe kuna namna yake. Ukiuliza "heroe wapo?" utaambiwa wapo, kila mtu atakuambia wapo, na hata watano ni "wapo". Uliza hivi: jana walikuwa upande gani wa ziwa? Barabara ya upande huo inapitika na gari dogo au imemezwa na maji? Ni kundi la kutazama kwa macho au mpaka darubini? Kisha omba picha iliyopigwa siku hiyo, siyo ya tovuti. Aliyepo ziwani atakupigia moja sasa hivi. Asiyekuwepo ataanza maelezo. Watu wa kuwauliza ni walinzi wa lango la Loboi kule Bogoria, wahudumu wa hoteli zilizo kando ya ziwa (wa mapokezi, siyo wa mauzo), na wale wapenda ndege wa Nature Kenya, maana wana watu wanaozunguka maziwa haya mwaka mzima na hushiriki hesabu ya ndege wa majini kila Januari. Hata mwendesha boda wa Maji Moto, huko huko Bogoria, atakusaidia kuliko tangazo lolote.

Na usielewe kwamba nakukataza Nakuru. Nakuru nenda! Ila nenda kwa sababu ambayo haina mabawa. Ile hifadhi imezungushiwa uzio, ni makimbilio ya vifaru tangu miaka ya 1980, na kifaru mweupe na mweusi wote wamo. Mweupe ana mdomo mpana, anakata majani kama ng'ombe na unamkuta uwandani mchana kweupe. Mweusi ana mdomo uliochongoka wa kuvutia matawi, hupenda vichaka, na ukimwona shukuru. Twiga wa Rothschild wamo pia, wale wenye miguu myeupe kuanzia magotini kama wamevaa soksi. Walihamishiwa pale miaka ya 1970 ili wasipotee. Tulimkuta kifaru mweupe na ndama wake karibu na barabara, karibu kiasi cha kusikia majani yakikatika mdomoni. Mzee aliyekuwa amenyamaza tangu asubuhi akaanza kuongea tena. Kwa hiyo pale pana thamani, tatizo ni kuuziwa kilicho kizuri kwa jina la kisichokuwepo.

Na hilo la "wanyama wakubwa watano", yaani simba, chui, nyati, kifaru na tembo, kwenye tangazo la wakala wako limenitosha kujua unaongea na mtu wa aina gani. Nakuru hakuna tembo. Hata mmoja. Simba yupo, chui yupo, nyati tele, vifaru nimekwambia, lakini tembo hayupo. Mtu anayeuza safari ya hifadhi ambayo hajui au hajali kwamba haina tembo, utamwamini vipi kwa ndege anayehama usiku?

Upande wa ndege, usidhani bila heroe utakaa bure. Samaki wadogo wa jamii ya perege waliletwa Nakuru kutoka Magadi miaka ya 1950 na 1960 ili wale viluwiluwi vya mbu, na tangu hapo mwari wakafuata mlo. Wamo pia minandi, yangeyange, domomwiko, furukombe. Orodha ya hifadhi inapita aina 400. Desemba wageni kutoka Ulaya na Asia wameshafika, kwa hiyo kwa mtazamaji wa ndege mwezi wako ni mzuri, ingawa mvua za vuli zinaweza kukufuata na hoteli za Krismasi hujaa mapema. Ndiyo sababu wakala anakutisha na Ijumaa. Wewe tafuta hoteli inayokubali kughairi, hata kama bei ni juu kidogo. Hiyo tofauti ya bei ndiyo bima yako.

Bogoria nilikwenda baadaye na mzee, safari hii kwa kupiga simu kwanza. Unawasikia kabla hujawaona, mlio mmoja mnene usiokatika. Ukikaribia unaona kila mmoja ameinamisha kichwa chini juu, mdomo umepinduka ndani ya maji, anauzungusha kushoto na kulia akichuja. Wale warefu weupe wenye mdomo wa waridi wenye ncha nyeusi ni heroe wakubwa, hao hula vijidudu vya matopeni. Wadogo ndio wenye mdomo wa rangi nyekundu iliyokoza, ukiwa mbali unaona mweusi. Pembeni mvuke unatoka ardhini, chemchemi zinatokota kweli kweli, watu huchemsha mayai pale. Washike watoto wako mikono, maji yale yanaunguza, na ukingo wake ni laini usioaminika. Mzee alikaa juu ya jiwe hadi jua likawa kali, tukimwambia twende anasema bado.

Kwa hiyo panga hivi: ukitoka Nairobi, simama Elementaita uangalie, ni njiani tu, na mwari weupe huzaliana huko. Lala Nakuru, ingia hifadhini lango linapofunguliwa, maliza na vifaru. Siku inayofuata iache wazi kabisa, na kwenye mkataba wa gari iandikwe "Nakuru au Bogoria, kwa chaguo la mteja", kilomita zikiwemo. Kiingilio cha Nakuru lipa mwenyewe kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali ya Kenya, mlangoni hawapokei pesa taslimu, na beba vitambulisho vya taifa vya watu wazima ili mlipe bei ya raia. Bebeni sweta pia: Nakuru iko juu, zaidi ya mita 1,700, na asubuhi baridi inakata, Bogoria iko kama mita 990 na ikifika saa tano mtakuwa mnatafuta kivuli.

Darubini: 8x42 (inayokuza mara nane), usinunue yenye ukuzaji mkubwa zaidi kwa sababu mkono utatikisika, na watoto wapewe yao ndogo msigombanie moja.

Sasa mwandikie huyo wakala leo, kabla ya Ijumaa yake. Mwambie utalipa amana tu, salio siku ya safari. Ziwa linabadilishwa bila faini. Na ile ahadi ya heroe aiandike kwenye risiti pamoja na atakachorudisha wasipokuwepo. Akikubali yote matatu, niambie jina lake hapa hapa maana nami nitamtafuta. Akianza kukuzungusha, mwache, halafu piga Loboi uje utuambie walichokujibu.