Raia kwenye ofisi ya polisi: namna ya kuingia, na namna ya kubaki mzima

Ukisema hapa Mwanza kwamba unatafuta kazi polisi, utaulizwa umri, urefu, na kama uko tayari kwenda depo, yaani chuo cha mafunzo ya polisi, Moshi. Ni nadra kuulizwa kama unajua kupanga majalada. Lakini nyuma ya kaunta kuna watu wasiovaa sare: mwandishi mwendesha ofisi, mtunza kumbukumbu wa masjala, mhasibu, afisa ugavi, dereva. Wanaitwa watumishi raia. Makala haya ni ya anayetaka kazi hizo, na zaidi ni ya aliyekwisha kuipata na sasa anaota usiku yale aliyoyasoma mchana.

Tuanze na mlango, maana wengi hugonga usio wao. Nafasi za askari hutangazwa na Jeshi la Polisi lenyewe, na masharti yake ni ya kiaskari. Nafasi za kiraia serikalini hupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, kwenye mfumo wa Ajira Portal. Matangazo mengi ya kada hizi yanataka Mtanzania mwenye umri usiozidi miaka 45. Kwa kada zinazotumika taasisi nyingi, unaomba kada kwanza na kituo hupangiwa baadaye, kwa hiyo kusema "naomba polisi Nyamagana tu" hakusaidii.

Soma sifa za kada neno kwa neno. Mwandishi mwendesha ofisi hutakiwa stashahada ya uhazili na hatimkato ya Kiswahili na Kiingereza kwa kasi ya maneno 100 kwa dakika moja, na kasi hiyo haipatikani kwa wiki mbili za kujifungia. Watu wa Kanda ya Ziwa wengi huifuata Tabora, kwenye Chuo cha Utumishi wa Umma. Dereva hutakiwa cheti cha kidato cha nne, leseni ya daraja E au C aliyoifanyia kazi angalau mwaka mmoja bila kusababisha ajali, na cheti cha mafunzo ya msingi ya udereva kutoka VETA au chuo kingine kinachotambulika. Mtu mwenye miaka kumi barabarani akikosa hicho cheti cha mwisho hachaguliwi, hata awe dereva mzuri namna gani.

Kinachowaangusha wengine ni majina. Cheti cha kidato cha nne kinasema hivi, kitambulisho cha NIDA kinasema vile, cha kuzaliwa kina jina la babu ambalo halipo kwingine. Nenda kwa wakili mapema ukatengeneze hati ya kuthibitisha majina na uisajili. Usisubiri kuitwa kwenye usaili, kwa sababu mlangoni watakurudisha. Hati ya matokeo ya kidato cha nne au cha sita haihesabiwi kuwa cheti. Nauli, chakula na malazi ya usaili ni juu yako. Akitokea kishoka wa kukwambia ana nafasi polisi kwa laki kadhaa, kumbuka Ajira Portal ni ya bure na yeye hana ufunguo wake.

Ukishapata, kuna upekuzi (kuchunguzwa mwenendo wako), kiapo cha kutunza siri na kipindi cha majaribio cha miezi 12. Na hapa ndipo maneno mengi ya ajira huishia, kana kwamba barua ya ajira ndiyo mwisho wa safari.

Askari ana depo, ana kikosi, ana kambi kama ya Mabatini ambako jirani anajua zamu iliyomtoka ilikuwa ya namna gani. Mtumishi raia anatoka saa tisa na nusu, anapanda daladala kwenda Buhongwa au Igoma, na nyumbani haruhusiwi kusema alichosoma. Wakati huohuo jalada la mtoto aliyebakwa limepita mkononi mwake kama lilivyopita kwa mpelelezi. Kilichompata mtu kwa karatasi nacho ni kitu. Mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili, DSM-5 wa mwaka 2013, unakubali kwamba mtu anaweza kuugua kiwewe kwa kukutana mara nyingi na undani wa mabaya yaliyowapata wengine, hata kwa picha, iwapo ni kwa sababu ya kazi. Kwa hiyo mtu wa masjala asiyelala si mdekaji.

Siku ya kwanza, muulize msimamizi wako maswali manne: meza hii inapitisha majalada gani, ni mara ngapi yana picha, nani anakaa hapa nisipokuwepo, na nikielemewa nimwone nani. La tatu ndilo huleta kimya. Meza isiyo na mtu wa pili haina likizo, na likizo yako ya siku 28 kwa mwaka itageuka siku tatu tatu za kuombea.

Kisha jifunze kusoma kidogo. Kusajili jalada kunahitaji namba, majina, kosa, tarehe, na linaelekea wapi. Maelezo ya mlalamikaji hayahitajiki kusomwa hadi mwisho. Wanaoumia mapema kwenye masjala ni wale wanaofungua kila ukurasa, mara nyingi kwa huruma, wakitaka kujua yaliisha vipi. Huruma hiyo haimfikii mtoto wa kwenye jalada, inabaki kwako tu. Mwenye kuchapa hana budi kusoma, basi achape kwa vipande: dakika arobaini, kisha ainuke na afanye kazi nyingine, ya barua au ya posho. Majalada ya Dawati la Jinsia na Watoto yawekwe saa tatu au saa nne asubuhi. Usiyawekee saa ya mwisho, kwa sababu kitu cha mwisho ulichokiona ndicho utakachopanda nacho daladala.

Picha zina utaratibu wake. Ziingie kwenye bahasha iliyofungwa, nje pameandikwa "picha ndani", ziwekwe uso chini. Kwenye kompyuta zifunguliwe ndogo ndogo, si kujaza kioo kizima, na rangi zikiweza kuondolewa ziondolewe. Video ianze bila sauti, maana sauti ya mtu anayelia huweza kukaa kichwani muda mrefu. Na hakuna kutumiana picha za tukio kwenye kundi la WhatsApp la ofisi, hata kwa nia ya kuwahisha kazi: ni kuvunja siri, na ni kumrushia mwenzako asiyejiandaa.

Ziwa lina mzigo wake wa pekee. Tarehe 21 Mei 1996 ilizama MV Bukoba, na tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ikazama karibu na Ukara, zaidi ya watu 220 wakafa. Katika msiba wa namna hiyo kila mwili una jina la kutafutwa, kila jina lina karatasi, na kila karatasi ina mtu anayeiandika huku ndugu wamesimama mbele yake. Viongozi wengi, kwa nia njema, huwakusanya watumishi jioni ileile na kumtaka kila mmoja aeleze aliyoyaona. Acheni. Shirika la Afya Duniani halipendekezi kikao hicho cha mara moja cha kumlazimisha mtu kusimulia, kwa kuwa hakizuii kiwewe na baadhi ya watu huweza kuwazidishia. Linachopendekeza ni huduma ya kwanza ya kisaikolojia, na mwongozo wake wa mwaka 2011 una hatua tatu: tazama, sikiliza, unganisha. Tazama nani anatetemeka, nani hajala tangu asubuhi. Sikiliza anayetaka kusema na umwache asiyetaka. Unganisha: simu nyumbani, maji, chai, usafiri wa kumfikisha mlangoni, na jina la mtu wa kumwona kesho.

Baada ya hapo kuna kalenda. Mwulize hali yake siku ya tatu, baada ya wiki, kisha baada ya mwezi. Kukosa usingizi siku chache ni mwili unajirekebisha. Zikipita wiki nne na bado anaona tukio likijirudia, anakwepa barabara ya kwenda mwaloni, kule boti zinakotia nanga, anashtuka mlango ukigongwa, huyo anahitaji daktari. Hospitali ya Bugando, hapa Mwanza, ina idara ya afya ya akili. Mtu akiwa na mganga wake au kiongozi wake wa dini, asiambiwe awaache kwanza, aambiwe aongeze na hospitali. Akihitaji mapumziko, anaweza kumwomba daktari aandike siku za ED, yaani ruhusa ya kutofanya kazi, bila kuanika ugonjwa.

Ofisi ikitaka kuwa na wasikilizaji wa ndani, yaani wenzenu wa kumsikiliza aliyeelemewa, wachaguliwe na watumishi kwa kura ya siri, na angalau mmoja awe raia. Wakiteuliwa na mkubwa, hakuna atakayewaendea. Msikilizaji asiwe yule anayekujazia tathmini ya utendaji. Asiandike chochote kinachoingia kwenye jalada lako binafsi. Aseme mwanzoni kabisa kwamba siri ina mpaka mmoja, nao ni uhai wa mtu kuwa hatarini. Na chumba kisiwe mkabala na mlango wa afande. Wawili wakitembea jioni kando ya ziwa kuelekea Capri Point, hakuna anayejua ni kikao.

Mpaka huo wa uhai una ugumu wake kituoni. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, kwa hiyo mtu anayefanya kazi polisi huogopa hata kutamka kwamba amechoka kuishi. Mwambie waziwazi: kuwa na mawazo hayo si kosa, na kuomba msaada si kosa. Muulize moja kwa moja kama anafikiria kujidhuru, kwani swali hilo halimpandikizii wazo. Ikiwa ni askari mwenye silaha, usimwache peke yake, na mkubwa wake aambiwe saa hiyo ili silaha irudi ghalani. Mtumishi raia mara nyingi ndiye wa kwanza kuona, kwa sababu mbele yake askari halazimiki kujikaza.

Kuna jambo ambalo semina za afya ya akili hulipita haraka, nalo ni madeni. Makato ya mshahara yanatakiwa kuacha angalau theluthi moja ya mshahara wa msingi, yaani mwenye laki sita abaki na laki mbili. Kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kali, haihesabiwi humo, kwa sababu inakatwa mfukoni, kila siku au kila wiki. Mtu anayeamka saa tisa usiku huenda hasumbuliwi na jalada lolote, anahesabu rejesho la Ijumaa. Kabla ya kumtafutia mshauri, kaa naye na karatasi: nani anadai, kiasi gani, lini, kwa riba ipi. Mikopo ya mtaani iorodheshwe kwanza, na aone chama cha akiba na mikopo cha kazini kama kinaweza kulifunga deni kubwa kwa riba ndogo. Na kama aliacha kadi yake ya benki kwa mkopeshaji wa mtaani, mkopo huo mpya usichukuliwe kabla kadi haijarudi mkononi mwake.