Fuso ni volti 24, usichote umeme kwenye betri moja

Mkuu, acha kwanza. Umesema una Fuso, unataka laptop na printa ndogo zifanye kazi ukiwa mnadani, na fundi amekwambia uunge inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani) ya volti 12 kwenye betri moja kati ya zile mbili za gari. Usiunge!

Mimi fundi wa Mwanjelwa, Mbeya, aliniambia hivyohivyo, kwa kujiamini kabisa: "Betri moja ni 12, inveta ni 12, shida iko wapi?" Na laptop ikawaka kweli. Wiki tatu nikawa naandika hesabu za viazi usiku ndani ya kabini, kutoka Uporoto hadi Dar.

Sasa sikiliza kilichokuwa kinaendelea. Laptop ya wati 65 inanyonya kama ampea 6 kwenye volti 12. Kwa saa tano za usiku, betri moja inakamuliwa na mwenzake hajaguswa. Zile betri zimefuatana, chanya ya moja imeshikana na hasi ya nyingine kwa waya mfupi, kwa hiyo asubuhi altaneta, ile inayochaji betri injini ikiwaka, inazipitishia umeme uleule zote mbili. Yenyewe inaangalia jumla tu, volti 28. Yenye njaa haijai kamwe, iliyoshiba inalishwa mpaka inachemka.

Nilianza kusikia harufu ya mayai viza, nikadhani ni mzigo. Nilipokuja kupima injini ikiunguruma, moja ilisoma 12.9 na nyingine 15.2, wakati zilitakiwa kuwa 14 kwa 14. Moja imekauka maji hadi sahani zinaonekana, nyingine imekufa kwa njaa. Hapo nimeshalala Makambako, mwezi wa saba, na baridi yake mnaijua. Alfajiri stata ililia "tk" mara moja basi, na Fuso lenye viazi halisukumwi.

Na asije mtu hapa kusema zilikuwa za mtumba. Zilikuwa mpya, hazina hata miezi minne. Nikanunua mbili, maana ukibadili moja tu, mpya inafungwa na mgonjwa na yaleyale yanarudi. Fundi nilipomfuata akasema altaneta ni mbovu, anifungie nyingine! Altaneta ileile iko kwenye gari mpaka leo. Kinachoniuma ni mtu kula hela yako kwa kitu ambacho hajawahi hata kukiwekea mita.

Nunua inveta ya volti 24, ishike chanya ya mwanzo na hasi ya mwisho, yaani zile mbili ambazo waya mfupi haujazishika, ichote kwa zote mbili sawasawa, na fyuzi ikae karibu na betri. Kama ya 12 umeshanunua, weka kwanza konveta ya kushusha 24 kuwa 12, nayo ishike hapohapo. Injini ikiwa imezimwa, jumla ikifika 24.4 funga laptop.

Siku ya kufunga simama pembeni ya fundi. Ukiona mkono wake unakwenda kwenye ule waya mfupi wa katikati, mwambie akusanye spana zake.