Sura, meno na kamisheni: ushauri kwa anayeingia kwenye kazi ya kushawishi watu

Siku tulipoanza kazi ya uwakala wa bima hapa Dodoma, msimamizi wetu alitugawia maeneo sisi wanne tulioajiriwa pamoja, na hakuna aliyehitaji kuelezwa ni kigezo gani kilichotumika. Mabinti wawili waliokuwa wazuri wa sura walipewa mabenki, ofisi za serikali na hoteli za katikati ya mji. Kijana mmoja mrefu na mtanashati akapewa vyuo. Mimi nikapewa soko la Kibaigwa. Nimekulia Singida, katika kijiji ambacho maji ya kisima yana madini ya floraidi kwa wingi, na meno yangu yana rangi ya kahawia ambayo mswaki hauiondoi. Msimamizi hakuyataja meno. Alisema tu kwamba watu wa sokoni hawana makuu, nami nikamwelewa.

Ninawaandikia vijana wanaomaliza vyuo hapa kwetu na kuingia kwenye kazi ambazo kipato chake kinategemea mtu mwingine kukubali: bima, viwanja, mikopo, kutangaza bidhaa, uwakili, hata kuchangisha fedha. Wazazi wetu hutufariji kwa methali ya uzuri wa mkakasi, kwamba ndani ni kipande cha mti, na kwa upande wa tabia huenda wana haki. Kwa upande wa mshahara, waliopima hawakukuta hivyo. Mwaka 1994 wachumi Daniel Hamermesh na Jeff Biddle walichapisha uchambuzi wa takwimu za wafanyakazi wa Marekani na Kanada, wakaonyesha kwamba walioonekana hawana mvuto walilipwa pungufu kwa takriban asilimia 5 hadi 10 kuliko watu wa sura ya kawaida, na kwamba hasara hiyo ilikuwa kubwa kidogo kuliko faida waliyoipata wazuri. Mwaka 1998 wakawageukia wanasheria waliosoma chuo kimoja, wakitumia picha zilizopigwa walipoanza masomo. Nilitarajia kusoma kwamba miaka ikipita na uwezo ukijulikana, tofauti hupungua. Ilikuwa kinyume: wenye mvuto walikuwa mbele miaka mitano baada ya kuhitimu, na kufikia mwaka wa 15 pengo lilikuwa limepanuka, huku wengi wao wakielekea kwenye uwakili binafsi, ambako mteja ndiye anayechagua nani amtetee.

Utafiti ulionigusa zaidi ni wa mwaka 2010, uliofanywa na Sherry Glied na Matthew Neidell kuhusu thamani ya meno. Waligundua kwamba wanawake wa Marekani waliokulia kwenye maeneo ambayo maji yake yalitiwa floraidi kwa kiasi walipata takriban asilimia 4 zaidi ya wenzao waliokulia kwingine, ilhali kwa wanaume hawakuona tofauti. Floraidi ikiwa ya kiasi hulinda meno yasioze. Ikizidi katika miaka ya utoto ambayo meno yanaumbika, huacha madoa ya kudumu. Sisi tulipewa dawa ileile, ila bila kipimo.

Kwa hiyo sitamwambia mtu yeyote kwamba sura haina uzito. Ninachotaka kumwambia ni kwamba uzito huo haulingani katika kila kazi, na jambo linaloupanga, kwa nilivyoona mimi, ni namna kamisheni inavyolipwa. Kuna kazi ambazo unakutana na mteja mara moja, anatoa pesa, mnaachana: kiwanja kimeuzwa, bidhaa imeonjwa, mchango umetolewa. Hapo dakika ya kwanza ndiyo yote, na dakika ya kwanza ni ya sura. Kuna kazi nyingine ambazo fedha inakuja kwa vipande, mwaka hadi mwaka, kila mteja anaporudi.

Jambo hili nalo limepimwa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006, wachumi waliwatuma wachangishaji mlango kwa mlango huko Marekani, na wakakuta kwamba mvuto wa mchangishaji wa kike uliongeza michango kwa kiwango kinachokaribia kile kilicholetwa na kuwashindanisha wachangiaji kwa bahati nasibu. Waliporudi baadaye kwa wachangiaji walewale, ilionekana kwamba waliovutwa na utaratibu wa uchangishaji wenyewe, kama hiyo bahati nasibu, walielekea kuendelea kutoa kuliko waliovutwa na mambo ya pembeni, sura ikiwa mojawapo.

Niliposoma matokeo hayo niliikumbuka Kibaigwa. Ni mji wa soko kubwa la mahindi wilayani Kongwa, kwenye barabara kuu iendayo Morogoro, na mahali penye mahindi mengi pana malori mengi. Bima ya gari ni ya mwaka mmoja, na sheria inamtaka kila mwenye gari awe nayo, angalau bima ndogo, ile inayofidia watu wengine utakaowadhuru. Mwaka wa kwanza mwenzangu wa mabenki alipata kamisheni karibu mara tatu ya yangu, na nilirudi nyumbani jioni nyingi nikiwa nimelipa nauli ya basi kubwa kuliko nilichoingiza. Lakini mzee mmoja mwenye malori matatu alipata ajali, nikamfuatilia fidia yake kwa miezi minne, kuanzia taarifa ya polisi hadi hundi, na baada ya hapo wafanyabiashara waliokuwa hawajui hata jina langu walianza kuulizia “yule dada wa meno”. Jina hilo liliniuma. Hata hivyo, halikuwahi kuchanganywa na la mtu mwingine. Kufikia mwaka wa nne, kamisheni ya waliokuwa wakihuisha bima zao pekee ilinitosha kulipa kodi ya nyumba kabla sijatafuta mteja mpya hata mmoja.

Nisieleweke kwamba mwenzangu alikaa tu akavuna. Alifanya kazi kwa bidii, na alilipia uzuri wake kwa namna ambayo mimi sikulazimika kulipa. Kulikuwa na ofisi ambazo mkataba ulikuwa haukamiliki mpaka akubali kwenda kusaini hotelini usiku, na msimamizi alipoelezwa alijibu kwamba ajue namna ya kucheza na wateja. Akaacha kazi. Kwa binti aliye katika hali hiyo leo, afahamu kwamba Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inamhesabu kuwa mkosaji mtu anayetumia mamlaka yake kudai ngono kama sharti la kutoa ajira, haki au upendeleo, na kwamba TAKUKURU, taasisi ya serikali ya kupambana na rushwa, hupokea malalamiko hayo. Ahamishie mikutano ofisini na mchana, aende na mwenzake, na aweke kumbukumbu ya kila ujumbe. Mwajiri anayekuuza pamoja na bidhaa yake hafai kuvumiliwa, hata kama kamisheni yake ni nono.

Ambaye hakujaliwa sura asikimbilie mkorogo. Krimu nyingi za namna hiyo zimekutwa na zebaki, ambayo huharibu figo, na mteja anayekuona juani huko Nzuguni ataona vidole vyeusi chini ya uso mweupe. Kinachobadilika kwa gharama ndogo ni nguo iliyopigwa pasi, kitambaa cha kufutia viatu kabla ya kuingia mlangoni, maana vumbi la Dodoma halimbagui mtu, na zaidi ya vyote sauti. Markus Mobius na Tanya Rosenblat, katika jaribio lililochapishwa mwaka 2006, waliwapa watu kazi ya kutatua michoro ya njia zilizopotapota, kazi ambayo uzuri hausaidii chochote, na wazuri hawakuwashinda wengine. Waajiri waliwathamini zaidi vilevile, hata wale waliozungumza nao kwa simu tu bila kuwaona, kwa sababu wazuri walijiamini zaidi na walizungumza vizuri zaidi. Maana yake, sehemu ya kile tunachokiita faida ya sura husafiri kwa njia ya mazungumzo, na mazungumzo hufundishika. Mimi nilijifunza kwa kujirekodi kwenye simu nikieleza tofauti ya bima kubwa na bima ndogo, nikisikiliza, nikiona haya, na kurudia. Pia niliacha kuziba mdomo kwa mkono ninapocheka. Mteja huutafsiri mkono ule kuwa ni wa mtu anayeficha jambo, na hajui kwamba anachoficha ni meno.

Kwa aliyejaliwa sura, ushauri wangu ni mfupi: itumie bila aibu kufungulia mlango, lakini mwaka wa kwanza uandike jina la kila mteja, tarehe bima yake inapokwisha na jina la anayemtegemea, kwa sababu mlango huohuo utabishwa mwakani na mwingine aliye kijana kuliko wewe.

Na wote wawili, mkiitwa kwenye usaili, ulizeni kabla ya kuuliza mshahara: mteja akihuisha, kamisheni ya mwaka wa pili ni ya nani? Ikiwa ni ya ofisi, wanatafuta uso wa kufungulia milango, na mara utakapozoeleka watatafuta mwingine.

Siku hizi ninasimamia mawakala saba. Maeneo ya kutafuta wateja wapya hubadilishana kila baada ya miezi mitatu kwa kura, lakini mteja akishapatikana hubaki na aliyempata. Mara ya mwisho Kibaigwa ilimwangukia kijana wetu mtanashati kuliko wote. Wiki ya kwanza alinipigia simu mara mbili kulalamikia vumbi. Alipomaliza miezi yake alikuwa na malori sita kwenye daftari, na akaniuliza kama anaweza kurudi huko bila kura.