Kuhifadhi si kutekeleza

Kaka wa Mafinga, unasema umebadilisha anwani ya IP ya tovuti kwenye Webmin (ukurasa wa kusimamia seva kupitia kivinjari), ukahifadhi, na bado watu wanapelekwa seva ya zamani. Kuhifadhi kunaandika faili tu. BIND, programu ya seva inayojibu jina la tovuti lina anwani gani, haiwezi kujua mpaka ubonyeze na kitufe cha kutekeleza mabadiliko.

Ukishafanya hivyo, iulize seva yako moja kwa moja kwa dig, amri ya kuulizia anwani ya jina. Ikijibu anwani mpya, basi shida ni TTL, yaani sekunde ambazo wengine wanaruhusiwa kukumbuka jibu: ikiwa 86400, wengine watakaa na jibu la zamani hadi saa 24. Siku nyingine ishushe iwe 300 mapema, kabla ya kuhama.

Kama uliwahi kugusa faili ya zoni (orodha ya majina na anwani zake) kwa mkono, angalia nukta ya mwisho wa jina. Ukiandika mail.mfano.co.tz bila nukta, BIND inaongeza jina la zoni, hapa mfano.co.tz, tena; unapata mail.mfano.co.tz.mfano.co.tz. Mimi hiyo ilinikalisha Mwanjelwa, Mbeya, hadi usiku, baridi ya Juni, chai ikaganda kikombeni. Pia ongeza namba ya mfululizo ya zoni, inayoonyesha kuwa kuna mabadiliko, la sivyo seva ya pili, ile inayonakili zoni yako, haichukui kitu.

Halafu, tafadhali, hiyo poti 10000 ya kuingilia Webmin usiiache wazi kwa dunia nzima. Ruhusu anwani ya IP ya ofisini tu.